Sindano ya jicho ya mama na presha yangu ya ujauzito: hii VEGF ni kitu kimoja?

Nyar Kano, Kisumu

Habari zenu. Nina swali ambalo limeninyima usingizi tangu Alhamisi. Daktari hakuwa na nafasi ya kunijibu, foleni ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi.

Mama yangu ana sukari, huu ni mwaka wa 14. Analima mpunga Ahero. Kwa muda alikuwa akilalamika kwamba kuna nyuzi nyeusi zinaelea kwenye jicho la kulia, mwenyewe akasema ni kama utando wa buibui ulioanguka ndani ya maji. Tukadhani ni uzee. Siku moja akamimina chai pembeni ya kikombe, wageni wanaangalia, ndipo nikampakia kwenye matatu tukaja mjini. Walipompima wakasema sukari imeharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho, imeota mingine mipya isiyotakiwa, na mmoja umevuja damu. Akadungwa sindano ndani ya jicho. Ndiyo, ndani ya jicho lenyewe. Aliyehitaji kiti na maji ya kunywa ni mimi, si yeye. Muuguzi akanieleza kwamba dawa hiyo ni Avastin na inazuia kitu kiitwacho VEGF, ambacho ndicho kinachootesha mishipa. Arudi baada ya wiki 4.

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Miaka 2 iliyopita nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Wiki ya 33 uso ukavimba, kichwa kikauma kama kinapasuliwa kuni, presha 170 kwa 110, na mkojo umejaa protini. Nikafanyiwa upasuaji usiku uleule. Mtoto yuko, ndiye huyu anayenivuta mkono nikiandika. Nilipopata nguvu nilisoma kila nilichokipata kuhusu kifafa cha mimba, na nakumbuka vizuri nilichosoma: VEGF ya mama mjamzito hukamatwa na kitu kinachotoka kwenye kondo la nyuma, ndipo mishipa inapoumia.

Yaani mimi nilikaribia kufa kwa kuwa VEGF yangu imezuiwa, na mama yangu tunamlipia pesa ili izuiwe! Jeni inayotengeneza hiyo VEGF inafanya kazi gani hasa mwilini? Mama tayari anameza dawa za presha. Sindano hiyo haitamletea yaliyonipata mimi? Na kama mama na mtoto wote tumeguswa na kitu kimoja, ni jeni mbovu ya ukoo? Nina binti.

Tafadhali msiniambie nimwone daktari. Nimetoka huko na nitarudi tarehe ikifika. Nataka kuelewa tu.

Rider wa Kondele

Dada achana na sindano za macho. Mlonge asubuhi na jioni, mwezi mmoja tu mama anasoma Biblia bila miwani.

Mwalimu wa Baiolojia, Nyamasaria

Ndugu yangu Rider, mlonge ni mboga nzuri, tuuache kwenye sufuria.

Dada Nyar Kano, swali lako nitaliiba nikalipeleke kidato cha nne. Kwa kuwa mama ni mkulima wa Ahero, hebu tuanzie shambani kwake.

Maji ya pale hupandishwa na pampu kutoka mto Nyando, yakaingia mfereji mkuu, kisha mifereji midogo, mpaka kwenye jaruba la kila mtu. Jaruba lisilofikiwa hukauka hata kama mto umefurika. Mwili nao ni hivyohivyo. Seli yoyote iliyo mbali na mshipa, hata kwa sehemu mbili za kumi za milimita, oksijeni inaipata kwa shida. Kwa hiyo mwili unahitaji njia ya jaruba kavu kusema "mimi sijapata", na njia ya kuchimba mfereji kuelekea huko na si kwingine. VEGF, ambayo ni protini, ndiyo sauti hiyo. Jeni yake, VEGFA, iko kwenye kromosomu ya 6, na karibu kila aina ya seli inaweza kuiwasha.

Inawashwaje? Hapa huwa nasimamisha darasa, maana napapenda. Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF. Chukulia ni barua ya kuomba maji. Seli inaiandika mchana na usiku bila kupumzika, na bila kupumzika inaichoma. Lakini ili ichomwe lazima kwanza igongwe muhuri, na muhuri huo hautengenezeki bila oksijeni. Oksijeni ikiwepo, barua huwa majivu ndani ya dakika chache. Oksijeni ikipungua, muhuri haupatikani, barua haichomwi, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni kadhaa, VEGFA ikiwemo. Kwa maneno mengine seli haingoji shida ndipo itafute kalamu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kuifumbua kazi hiyo.

VEGF ikishatoka inasambaa hadi kwenye mshipa wa jirani. Seli za ukuta wa mshipa zina vipokezi vyake. Ile inayoisikia kwa nguvu zaidi inatoa vidole na kuanza kutambaa kuelekea sauti inakotoka, na papo hapo inawaambia wenzake wa pembeni: mimi natangulia, nyinyi fuateni nyuma. Ni kama kukata njia kwenye matete, mwenye panga ni mmoja, wengine wanapanua. Wote wakitaka kutangulia unapata vurugu, si mshipa.

Tuje kwa mama. Sukari ya miaka mingi imeziba mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Majaruba ya pale yamekauka, yanalia. VEGF inajaa ndani ya jicho, mishipa inaota haraka haraka, tena inapanda juu ya retina mahali ambapo haikutakiwa, na kuta zake ni dhaifu. Mmoja ukapasuka. Zile nyuzi za buibui alizoziona ni damu yake mwenyewe inayoelea mbele ya retina.

Kwako ilikuwa kinyume. Nawapisha wakunga waseme, ninyi wenyewe mna mtaalamu humu.

Dada wa Maabara, Kakamega

Mwalimu, umeeleza vizuri ila umeruka jambo, na ndilo linalomhusu mama huyu. Umeitaja VEGF kama mchimba mifereji peke yake. Kabla haijajulikana kwa kuotesha mishipa ilijulikana kwa kuivujisha. Mwaka 1983 kundi la Harold Dvorak kule Boston lilikuwa linachunguza maji yanayojaa tumboni mwa wanyama wenye uvimbe wa saratani. Wakapata protini inayofanya mishipa ipitishe maji, kwa nguvu kubwa mno hata ikiwa kidogo. Wakaipa jina la kuvujisha. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California wakaisoma jeni ya kitu kinachokuza seli za mishipa, na ikabainika kwamba protini ya Boston na hii ni kitu kimoja.

Kwa hiyo wagonjwa wengi wa sukari wanaodungwa jichoni hawana mishipa mipya kabisa. Wana retina iliyolowa katikati, mahali pa kusomea, kwa sababu VEGF imelegeza ile ya zamani. Dawa inakausha.

Jambo la pili, jeni ni moja lakini ujumbe wake hukatwa kwa urefu tofauti kabla haujawa protini. Kipande cha asidi amino 121 (hayo ndiyo matofali ya kujengea protini) husafiri mbali, cha 189 hunasa palepale karibu na seli iliyokitoa, na cha 165 kiko katikati na ndicho kinachopatikana kwa wingi. Panya waliobadilishwa wakabaki na kile kifupi tu walipata mishipa mipana yenye matawi machache. Ilikosekana alama ya kuonyesha sauti inatoka wapi hasa.

Mwalimu wa Baiolojia, Nyamasaria

Nimekubali. Umenipiga bao la wazi. Kesho nitarekebisha ubao.

Na kuhusu swali la ukoo, ngoja nilijibu kabla sijalala. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yaliondoa nakala moja tu ya jeni hii kwa panya. Jeni nyingi ukibaki na nakala moja unaishi bila hata kujua. Hii hapana. Vijusi vilikufa tumboni karibu siku ya 11, mishipa yao ikiwa haijakamilika. Nusu ya kiasi haikutosha. Dada, wewe uko hai, mama yako yuko hai, binti anakuvuta mkono. Nakala zenu mbili mnazo na zinafanya kazi. Kwenu kilichogeuka ni kiasi, na mahali.

Mkunga wa Bondo

Mwanangu Nyar Kano, pole kwa uliyopitia. 170 kwa 110 naijua, nimeiona usiku mwingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Kondo la nyuma ni kiungo kinachojengwa upya kila mimba, kwa hiyo linahitaji mishipa mingi kwa muda mfupi. Pale ambapo mishipa ya mfuko wa uzazi haikufunguka vizuri tangu mwanzo, kondo linabaki na njaa ya damu. Kondo lenye njaa linamwaga kwenye damu ya mama kitu kiitwacho sFlt1. Hicho ni kipokezi cha VEGF kilichotengenezwa bila sehemu ya kukishika ukutani, kinaelea ovyo. Kinaikamata VEGF njiani, inashikwa hapo na haifiki kwenye mshipa. Umefikiria vizuri sana, watafiti walidhihirisha hilo mwaka 2003: panya walipopewa sFlt1 walipata presha na protini kwenye mkojo. Kile kipokezi kinatoka kwenye jeni nyingine, FLT1, ya kromosomu ya 13. VEGFA yako wala haikuwa na kosa.

Sasa kwa nini presha? Kwa sababu mshipa wa mtu mzima hauiachi VEGF ukishaota. Unaihitaji kila siku ili utoe ile gesi inayoulegeza. Ukiikosa, unakaza.

Na kwa nini mkojo? Angalia figo. Kwenye vichujio vya figo kuna seli zenye vidole ambazo maisha yao yote zinatoa VEGF kwa ajili ya mishipa ya jirani yao, ili ibaki na matundu madogo safi ya kuchujia. VEGF ikikamatwa, kichujio kinavimba na protini inapita. Ile karatasi tunayochovya kwenye mkojo wako inabadilika rangi kwa ajili hiyo.

Ndiyo maana tiba yenyewe ni kuzaa. Dawa za presha na sindano za magnesiamu zinakulinda usishikwe na degedege, lakini ugonjwa unaanza kuondoka kondo likitoka. Mimba ijayo, nenda kliniki mapema, useme historia yako siku ya kwanza. Kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo wakiona inakufaa huanzwa kabla ya wiki ya 20. Usijinunulie dukani.

Dada wa Maabara, Kakamega

Mama mkunga amenifungulia mlango. Mnajua wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana wanaopewa Avastin kwa dripu hupata madhara gani? Presha kupanda, na protini kwenye mkojo. Picha ileile ya dada, bila mimba. Kwa mmoja kondo limeikamata VEGF, kwa mwingine dawa imeikamata. Figo haijui tofauti.

Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani Februari 2004 kwa saratani hiyo. Wazo lilikuwa la zamani: mwaka 1971 Judah Folkman aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kupita milimita chache bila kujivutia mishipa, hivyo ukate mishipa uunyime chakula. Madaktari wa macho wakaja baadaye wakaona chupa moja ya saratani inagawanyika kwenye sindano nyingi ndogo za jicho, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuisikia bila kukaa chini. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho.

Na hapa ndipo penye jibu la presha ya mama. Mgonjwa wa utumbo mwenye kilo 60 hupewa miligramu 300 kila wiki 2, akipimiwa 5 kwa kilo. Jicho la mama limepata miligramu 1.25. Piga hesabu: chini ya sehemu moja ya 200. Kiasi kidogo huponyoka kuingia kwenye damu, ndiyo, kwa hiyo kama amewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni, waambie kabla hawajamdunga. Presha apimwe kila akienda. Lakini kuogopa kwamba atavimba kama wewe ulivyovimba, usiogope.

Rider wa Kondele

Sasa mimi nauliza kwa nia njema. Kama VEGF inaotesha mishipa, si mtu wa moyo ulioziba adungwe VEGF mishipa iote apone?

Dada wa Maabara, Kakamega

Rider, nilidhani umelala na mlonge wako. Hilo limejaribiwa kwa miaka, protini yenyewe na hata jeni yake ikipandikizwa kwenye msuli wa moyo, na matokeo yamevunja moyo, samahani kwa neno. Panya walioongezewa bila kipimo waliota mafundo ya damu ndani ya msuli. Mshipa unaodumu unahitaji wengine waje kuufunga ukuta kwa nje, na VEGF peke yake haiwaiti hao.

Baba Mapacha, Nakuru

Mimi si mtaalamu wa kitu. Ninaongeza yangu kwa sababu nimeona neno VEGF na likanirudisha mbali.

Mapacha wetu walizaliwa wiki ya 29. Walipofika mwezi mmoja tukaambiwa macho yakaguliwe. Nilikasirika: watoto hawa wanapumua kwa kubahatisha, nyinyi mnaleta habari za macho? Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mpole, akanichorea duara nyuma ya fomu. Mishipa ya retina huanza katikati na kutambaa kwenda pembeni, akasema, na hufika karibu na wakati wa kuzaliwa. Wa kwenu wamezaliwa njiani. Tumboni oksijeni ilikuwa chache, na uchache huo ndio ulioisukuma VEGF na mishipa kusonga. Wakatolewa nje, wakapewa oksijeni, sauti ikanyamaza, mishipa ikasimama. Halafu retina ikaendelea kukua, sehemu ya pembeni ikabaki bila damu, na wiki kadhaa baadaye ikaanza kulia kwa nguvu kupita kiasi. Hapo mishipa inakuja kwa fujo na inaweza kuivuta retina ikabanduka.

Wa kwanza hakuhitaji kitu. Wa pili walimchoma leza. Nikauliza, yaani mnaliokoa jicho kwa kulichoma? Akasema tunachoma ile pembeni isiyo na mishipa, ili iache kulia. Nilikubali bila kuelewa. Leo nimesoma maelezo ya mwalimu kuhusu jaruba, ndiyo nimeelewa, miaka 7 baadaye. Kijana anavaa miwani minene na anadai haoni ubao, ila mpira anauona.

Nyar Kano, Kisumu

Nimesoma yote mara mbili, ya Baba Mapacha mara tatu. Asanteni sana, na mama mkunga Mungu akuweke.

Jana nilimsomea mama, namtafsiria kwa Dholuo, nikitumia majaruba ya mwalimu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kama jicho lilikuwa linalia kwa sababu limekosa maji, huyo daktari amelipatia maji, au amelifunga mdomo?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu?

Mwalimu wa Baiolojia, Nyamasaria

Mwambie mama amelifunga mdomo. Na mwambie ningempa alama zote.

Sindano inaikamata VEGF iliyokwisha kumwagika ndani ya jicho. Haifungui mshipa hata mmoja ulioziba. Baada ya wiki kadhaa dawa inaisha, jaruba bado ni kavu, barua zinaandikwa tena, na ndiyo maana wamempa tarehe ya kurudi. Wakati mwingine wanaongeza leza, ile ya kijana wa Nakuru, kupunguza idadi ya wanaolia. Kinachozuia majaruba mengine yasikauke ni sukari na presha kukaa chini mwezi baada ya mwezi, na hicho hakidungwi jichoni. Jicho la kushoto wamelikagua? Hujalitaja.

Nyar Kano, Kisumu

Walilikagua. Wamesema limeanza kulowa kidogo katikati, hawajalidunga. Mimi nikaona ni habari njema nikaacha kuuliza. Sasa nitauliza.

Tarehe ni Alhamisi ya wiki ijayo. Amekubali kuja ila anataka tumalize kabla ya saa 6, kuna watu wa kupalilia mpunga anaowalipa kwa siku. Na amekataa katakata kulala kwangu mjini usiku huo, anasema atarudi apike omena mwenyewe. Nimemwambia jicho lililodungwa halikai kwenye moshi. Tutagombana hiyo Alhamisi.